Barua ya wazi kwa mnaosaini mikataba ya mifumo: tupeni kamba ya kusimamisha

Kwenu wakurugenzi watendaji, wenyeviti na wajumbe wa bodi, wakuu wa idara za Tehama, na nyote ambao sahihi zenu ndizo zinazoamua mashine gani iingie kazini na lini.

YAH: KAZI YETU NA MIFUMO MNAYOTULETEA

Ndugu viongozi,

Mimi ni mfanyakazi wa dawati la malalamiko. Nimelikalia dawati hilo miaka 19, na katika muda huo tumebadilishiwa mfumo mara tatu. Sasa unaandaliwa wa nne, huu wa akili mnemba. Tumeambiwa utasoma barua za wateja, utaziainisha, utaandika majibu na utaamua zipi zifungwe. Siandiki kuupinga. Mtu aliyewahi kujumlisha safu za tarakimu kwa mkono mpaka usiku hahitaji hotuba ili aipende kompyuta.

Naandika kwa sababu ya jambo moja ambalo nimeliona likijirudia, na nimekuwa nikilisema kwenye vikao ambavyo ninyi hamhudhurii: mifumo hii huingia kazini bila sisi tunaoifanya kazi kupewa uwezo wa kuisimamisha inapokosea. Yote nitakayoyasema humu yanatoka hapo.

Niwasimulie yaliyotupata kwenye mfumo wa pili. Mkataba wake ulisema lalamiko ambalo mteja hajarudisha jibu ndani ya saa 72 lijifunge lenyewe. Kwenye karatasi lilikuwa wazo la busara, maana mteja aliyeridhika kwa kawaida hukaa kimya. Lakini kimya kina sababu nyingi. Wako waliokuwa wamelazwa hospitali, wako waliobadilisha namba za simu, na wengi zaidi walikuwa wametujibu kwa kupiga simu, njia ambayo mfumo haukuihesabu. Malalamiko yao yakafungwa. Mteja akirudi, alipewa namba mpya, akahesabiwa kuwa mlalamikaji mpya, akangoja, akafungiwa tena. Mzee mmoja alituandikia mara tano kuhusu herufi moja iliyokosewa kwenye jina lake, kosa ambalo lilizuia stahili zake zisitoke. Kwa dashibodi ya wakubwa, ile skrini ya muhtasari wa takwimu, mzee yule alikuwa malalamiko matano yaliyoshughulikiwa kwa wakati.

Mwenzetu mmoja alikwenda akanunua daftari. Kila jioni aliandika majina ya watu ambao tulijua kwa hakika kwamba shida zao hazijatatuliwa, na kila asubuhi tuligawana majina hayo tukawapigia simu. Kwa miezi 11 daftari lile ndilo lililokuwa mfumo wa malalamiko wa taasisi yetu. Huo mwingine, uliogharimiwa na kuzinduliwa kwa sherehe, ulikuwa unazalisha ripoti. Bodi ilisoma kwamba muda wa kushughulikia lalamiko umepungua kwa zaidi ya nusu, ikatupongeza kwa maandishi.

Nilisimama kwenye kikao nikaomba kule kujifunga kwa saa 72 kuzimwe. Ofisa wa Tehama alinijibu kwa ukweli kwamba hana mamlaka hayo. Meneja wetu naye hakuwa nayo. Mtu wa kampuni iliyouza mfumo alisema wao walitengeneza kilichoandikwa kwenye zabuni, na kila badiliko hutozwa peke yake kwa mkataba wa nyongeza. Ndani ya chumba kile tulikuwa watu tisa, sote tukiliona kosa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulisimamisha. Sijawahi kukisahau kikao hicho.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sina maana kwamba ninyi hamna akili au hamna nia njema. Nina maana kwamba kazi inayoandikwa kwenye mwongozo na kazi inayofanyika mezani ni vitu viwili, na ninyi, kwa nafasi mlizo nazo, huletewa ile ya kwanza. Mshauri mwelekezi huja wiki tatu, huzungumza na wakuu wa vitengo, huchora visanduku na mishale, na visanduku hivyo ndivyo vinavyogeuzwa kuwa programu. Mambo madogo yanayoifanya kazi iende hayana kisanduku. Nani wa kumpigia simu faili linapokwama, maneno gani ya mteja yanaonyesha kwamba tatizo lenyewe halijatajwa bado, lini kanuni inapaswa kungoja kidogo ili mtu asiumie: hayo hukaa vichwani mwetu na kwenye madaftari yaliyofichwa ndani ya droo.

Jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Edison alifungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, mwaka 1882. Ungetarajia viwanda vikimbilie umeme mara moja. Lakini kufikia mwaka 1900 umeme ulikuwa bado unaendesha chini ya asilimia 5 ya nguvu ya mashine katika viwanda vya Marekani. Kiwanda cha mvuke kilijengwa kuizunguka injini moja kubwa: mhimili mrefu wa chuma ulipita juu karibu na dari, mikanda ikashuka kutoka kwenye mhimili hadi kwa kila mashine, na mashine zikapangwa kuufuata mhimili, hata kama bidhaa ililazimika kuzunguka jengo zima. Wenye viwanda wengi wa mwanzo waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa mahali pake, wakauacha mhimili na mikanda kama vilivyokuwa. Walipata nafuu ndogo. Faida kubwa ilikuja miaka ya 1920, kila mashine ilipopata mota yake yenyewe na watu wakapata uhuru wa kuipanga upya kazi yote kwa kufuata njia ya bidhaa. Ilichukua takriban miaka 40. Mwanauchumi Paul David aliieleza historia hiyo mwaka 1990 akilijibu fumbo la mwanauchumi mwenzake Robert Solow, ambaye mwaka 1987 alisema zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija.

Nikitazama ofisi nyingi leo nauona mhimili uleule darini. Fomu iliyodai sahihi sita kwenye karatasi inadai vibali sita kwenye skrini. Tofauti ni kwamba zamani ungeweza kumfuata mwenye sahihi ya nne mezani kwake ukamweleza. Sasa unatazama kiduara kinachozunguka.

Wako waliothubutu kuuondoa mhimili wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Ford ilikuwa na watu zaidi ya 500 katika idara ya kulipa wauzaji huko Amerika Kaskazini, na ilipanga kutumia kompyuta ili wapungue hadi 400. Wakubwa wake walipotazama Mazda, kampuni ya magari ya Japani, wakakuta kazi kama hiyo inafanywa na watu 5. Mazda ni kampuni ndogo zaidi, lakini ukubwa haukutosha kuieleza tofauti ile. Watu wa Ford walikuwa wakitumia muda mwingi kusuluhisha karatasi zisizokubaliana: hati ya kuagiza, hati ya kupokea mzigo, na ankara. Ford ikaacha kuzifukuza karatasi kwa kasi zaidi, ikaiondoa ankara. Mzigo ukifika na ukilingana na agizo lililomo kwenye kompyuta, malipo yanatoka. Idara ikapungua kwa robo tatu. Silifichi hilo, ajira ziliondoka, na anayewaambia wafanyakazi kwamba hakuna ajira itakayoguswa anawadanganya. Ninachotaka mkione ni kwamba badiliko la maana lilitokea pale mtu alipouliza kwa nini karatasi hii ipo. Mwenye kulijibu swali hilo ni yule anayeishika kila siku, na ndiye ambaye hukaribishwa wa mwisho, siku ya mafunzo, akiwa amepewa nywila na kijitabu.

Hapa niingie kwenye kamba.

Mwaka 1924 Sakichi Toyoda, Mjapani, alikamilisha kitanda cha kufumia nguo kilichokuwa na tabia ya pekee: uzi ukikatika, mashine inasimama yenyewe. Haikuendelea kufuma nguo mbovu kwa kasi. Kampuni ya magari iliyozaliwa na familia hiyo, Toyota, iliichukua fikra hiyo ikaipeleka kwa watu. Juu ya mstari wa kuunganishia magari ilipitishwa kamba, na mfanyakazi yeyote aliyeona kasoro aliruhusiwa kuivuta. Kiongozi wa kikundi huja mbio. Kasoro isipotatuliwa kwa muda uliowekwa, mstari unasimama.

Sasa tazameni lililotokea California. General Motors walikuwa na kiwanda Fremont chenye sifa mbaya ya utoro, migomo na magari yenye kasoro, wakakifunga mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale wa zamani na chama chao kilekile. Mashine hazikuwa za ajabu. Kilichobadilika ni namna kazi ilivyopangwa na nani aliaminiwa, na kamba ilikuwemo. Katika muda mfupi ubora wa magari yao ukakaribia ule wa viwanda vya Toyota vya Japani. Katika miaka hiyohiyo General Motors walikuwa wakimwaga makumi ya mabilioni ya dola kwenye roboti na mitambo ya kujiendesha katika viwanda vyao vingine, na hawakupata kilichopatikana Fremont. Mkakati wa teknolojia wa aina mbili ulijaribiwa ndani ya kampuni moja, na ulioshinda ni ule uliomwekea mfanyakazi kamba juu ya kichwa chake.

Mnajua pia yanayotokea kamba inapokosekana, kwa sababu yameandikwa na mahakama na tume za uchunguzi. Nayataja kwa uchungu.

Shirika la Posta la Uingereza lilianza kuingiza mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999, uliotengenezwa na kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Fujitsu. Mawakala walioendesha posta ndogo ndogo wakaanza kuona upungufu wa fedha ambao hawakuweza kuueleza. Walipiga simu kwenye dawati la msaada. Wengi wao wamesimulia kwamba waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mkataba uliwataka wafidie upungufu, nao wakafidia kwa akiba zao, kwa mikopo, kwa kuuza mali. Kisha wakashtakiwa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, kwa ushahidi uliotoka kwenye kompyuta. Sheria ya nchi ilikuwa imebadilishwa mwaka uleule wa 1999, ikaondoa sharti la kuthibitisha kwanza kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa, na mahakama zikabaki kudhania kwamba iko sawa mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Wakala wa kijiji angeonyeshaje? Kumbukumbu za ndani za mfumo hazikuwa mikononi mwake. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mawakala 555, iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo, na kwamba wahandisi waliweza kuingia kutoka mbali na kubadilisha hesabu za mawakala. Mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hatia zile kwa jumla. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, ya Julai 2025, ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya masaibu hayo.

Miaka yote hiyo, watu waliokuwa mezani walikuwa wakisema. Taarifa ya kasoro ilikuwepo tangu mwanzo, ikisemwa kwa simu, kwa barua, mbele ya hakimu. Haikuwa na mahali pa kutua. Shirika lilikuwa limejenga mkakati wake juu ya imani kwamba mfumo haukosei, na kila aliyesema vinginevyo akageuka mshukiwa.

Australia walikuwa na wao. Kuanzia mwaka 2015 serikali ilijaribu, kisha ikapanua, mpango uliokuja kuitwa Robodebt, wa kuwadai watu waliopokea misaada ya jamii. Mfumo ulichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ukayagawanya sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, kana kwamba kila mtu hulipwa kiasi kilekile mwaka mzima. Anayefanya kibarua cha miezi minne kisha akakosa kazi alionekana mdanganyifu. Wafanyakazi wa madawati waliliona hilo na walisema; ushahidi wao umo kwenye kazi ya tume ya kifalme ya uchunguzi iliyotoa ripoti Julai 2023. Watu zaidi ya 400,000 waliguswa, na mpango wote ukaonekana haukuwa na msingi wa kisheria.

Kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, Knight Capital, ilipata yake kwa kasi. Tarehe 1 Agosti 2012 iliweka programu mpya kwenye seva zake, lakini moja kati ya seva nane haikuguswa, na ndani yake kulikuwa na kipande cha programu ya zamani kilichoachwa kutumika tangu 2003. Soko lilipofunguliwa kipande hicho kikaamka. Kwa dakika 45 kampuni ilinunua na kuuza bila mpango na kupoteza zaidi ya dola milioni 460. Kabla ya soko kufunguliwa mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu. Hazikuwa zimepangwa kuwa onyo, kwa hiyo hakuna aliyezichukulia hivyo.

Nimezikusanya habari hizi kwa sababu kila mara ninapozungumza juu ya daftari letu naambiwa kwamba hiyo ni changamoto ya mpito. Miaka 20 ya Horizon haikuwa mpito.

Sasa tuje kwenye akili mnemba, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike mwaka huu badala ya mwakani.

Uko utafiti wa wanauchumi Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2023, juu ya wahudumu wa wateja 5,179 waliopewa msaidizi wa akili mnemba wa kuwapendekezea majibu. Kwa wastani, matatizo yaliyotatuliwa kwa saa yaliongezeka kwa asilimia 14. Kwa wahudumu wapya na wenye ujuzi mdogo ongezeko lilikuwa asilimia 34. Kwa wazoefu lilikuwa dogo sana. Najua takwimu hizi mmeonyeshwa, kwa sababu nasi tulionyeshwa. Lililopitwa haraka kwenye wasilisho ni sababu yake. Msaidizi yule aliwasaidia wageni kwa kuwa alikuwa amejifunza kutoka kwenye mazungumzo ya wahudumu hodari. Ujuzi wa wazoefu ulichotwa kwenye kumbukumbu za kazi yao na kugawiwa kwa wengine. Mimi nafurahi mwenzangu mgeni akipata msaada huo. Nimefundisha wageni kwa mdomo miaka yote hii na sikuwahi kudai chochote. Lakini linapokuwa jambo la mkakati, linalotajwa kwenye taarifa za mwaka kama rasilimali ya taasisi, basi swali la haki lipo mezani. Aliyetoa mbegu ana fungu gani kwenye mavuno? Na kesho, mzoefu akiona kwamba kila jibu zuri analoandika ndilo litakalompunguzia thamani, ataandika majibu mazuri kwa moyo gani?

Liko pia swali la hao wageni. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliandika mwaka 1983, akitazama vyumba vya kuongozea mitambo, kwamba mashine ikichukua sehemu rahisi za kazi inamwachia binadamu zile ngumu, na papo hapo inamnyima mazoezi ambayo yangemwezesha kuzimudu hizo ngumu. Mimi nilijifunza kutambua lalamiko zito kwa kusoma malalamiko mepesi maelfu. Mkimpa akili mnemba yote mepesi, kijana mtakayemwajiri mwaka ujao atakutana na lile zito siku yake ya kwanza bila macho ya kuliona. Halafu mtamwandika kwenye mkataba kama msimamizi wa maamuzi ya mashine, kwa maana kwamba likiharibika ni lake.

Na msitegemee kwamba kosa litabaki la mashine. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua shauri la abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba, yaani nauli nafuu ya mtu aliyefiwa, na roboti ya mazungumzo ya tovuti ya shirika la ndege la Air Canada. Kampuni ilijitetea kwa hoja ambayo baraza lilielewa kuwa ni kusema roboti ile inawajibika yenyewe. Baraza lilikataa: maelezo yaliyomo kwenye tovuti ya kampuni ni ya kampuni. Amazon nao walitengeneza chombo cha kuchuja maombi ya kazi, wakakifundisha kwa maombi ya miaka 10 ambayo mengi yalikuwa ya wanaume, kikajifunza kuwashusha wanawake. Wao walikiacha, na shirika la habari la Reuters likaitoa habari hiyo mwaka 2018. Nawasifu kwa kukiacha. Kulikuwa na mtu mahali fulani aliyeweza kuvuta.

Basi ninachoomba ni hiki. Kabla ya kutangaza zabuni ya mfumo wowote unaogusa kazi ya watu, njooni mkae. Ziara ya kupigwa picha haitoshi. Kaeni siku tano, mkiwa na vifaa vya masikioni, mkiwasikiliza wateja. Ulizeni kila dawati lina daftari gani, na msimwadhibu mtu kwa kulitoa. Daftari lile ndilo maelezo sahihi kabisa ya mahitaji mtakayowahi kuyapata, na ni la bure.

Kwenye mkataba wenyewe, kamba iandikwe. Mfanyakazi wa dawati awe na uwezo wa kusimamisha uamuzi wa mfumo juu ya mtu mmoja papo hapo, bila kuomba kibali, na wafanyakazi watatu wakisimamisha kwa sababu ileile, sehemu hiyo ya mfumo isimame mpaka mwenye mamlaka aje aitazame. Namba tatu siing'ang'anii. Ninachong'ang'ania ni kwamba kusimama kutokee kwanza na mjadala ufuate. Leo tunajadili huku malalamiko yakiendelea kujifunga. Idadi ya mara ambazo kamba imevutwa, na sababu zake, iletwe kwenu kila mwezi pamoja na zile takwimu za kijani za dashibodi. Mwezi ambao kamba haikuvutwa kabisa, ulizeni watu wanaogopa nini.

Kumbukumbu za ndani za mfumo ziwe mali ya taasisi, zisomeke bila kumwomba muuzaji. Anayetuhumiwa kwa sababu ya mfumo azipewe, awe mteja au mfanyakazi. Marekebisho ya kosa linaloumiza watu yawe ndani ya bei ya awali. Na msipunguze watu kabla mfumo haujapita mwaka mzima wa kazi halisi, na ufungaji wa hesabu za mwaka ukiwemo, kwa sababu mwezi huo ndio unaotoa yote yaliyojificha. Mkiwaondoa wazoefu mwezi wa tatu, mwezi wa kumi na mbili hamtakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Kuhusu ujuzi wetu unaofundisha mashine, anzeni kwa kutuambia. Tuambieni mazungumzo ya nani yametumika. Kisha tukae, pamoja na vyama vya wafanyakazi palipo na vyama, tuzungumze juu ya fungu. Sina kiwango kichwani, na sitaki kujifanya ninacho.

Najua jibu litakuwa kwamba kamba itachelewesha. Itachelewesha, ndiyo. Mstari wa Toyota ulisimama mara nyingi na bado magari yakatoka. Mfumo wetu wa pili haukusimama hata mara moja, na mzee wa herufi moja aliandika mara tano.

Alipata stahili zake, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa nane wa daftari. Daftari lenyewe bado lipo, kwenye droo ya pili ya meza yangu, na droo haifungwi kwa ufunguo. Mnatarajia kusaini mwishoni mwa robo hii ya mwaka. Nafika kazini saa moja na nusu asubuhi. Njooni mlisome kabla ya siku hiyo.

Wenu katika kazi,

Mfanyakazi wa dawati la malalamiko